GPS inayoongea na msafiri asiyeona wa Dar es Salaam: inachojua na isichojua

Wasioona wa Dar es Salaam wanapozungumzia vifaa vya GPS vinavyoongea, huwa kunasikika dhana mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba kifaa hicho humwongoza mtu kama mwenzake aliyemshika mkono, hivyo aliyekwisha kukipata hana haja tena ya fimbo wala ya mtu. Ya pili ni kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya miji yenye njia pana za waenda kwa miguu na nyumba zenye namba, na kwamba katika mji wenye mitaro isiyofunikwa, meza za wamachinga na bodaboda zinazopanda hadi barazani hakina kazi yoyote. Dhana zote mbili zinatokana na kuchanganya vitu vitatu ambavyo tumezoea kuviita kwa jina moja la GPS: mawimbi ya setilaiti, ramani iliyomo ndani ya kifaa, na sauti inayomfikishia mtumiaji taarifa. Kila kimoja kina nguvu yake na udhaifu wake, na asiyevitenganisha atailaumu setilaiti kwa kosa la ramani, au ataiamini sauti pale ambapo setilaiti zenyewe hazionekani.

Nitaeleza kila kimoja, lakini niseme mapema ninakoelekea. Katika mji huu, kazi kubwa ya kifaa hiki kwetu sisi tusioona ni kutujulisha tulipo, hasa tukiwa ndani ya gari, na kazi ya kutuelekeza kona kwa kona inakuja nyuma yake kwa mbali. Vilevile, sehemu kubwa ya ramani itakayotufaa tutalazimika kuitengeneza wenyewe.

GPS ni mfumo wa serikali ya Marekani wenye setilaiti zipatazo 31, zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Simu za siku hizi husikiliza pia mifumo mingine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kila setilaiti hutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati kwa mujibu wa saa yake ya atomiki. Kifaa hupokea tangazo hilo, hupima limetumia muda gani kufika, kisha huugeuza muda huo kuwa umbali, kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Ndiyo sababu kifaa huhitaji setilaiti nne: tatu kwa ajili ya kutafuta mahali, na ya nne kwa ajili ya kuisahihisha saa ya kifaa chenyewe, ambayo ni ya bei nafuu na haiwezi kwenda sawa na zile za angani.

Katika maelezo hayo kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba kifaa hupokea tu, hakitumi chochote kwa setilaiti. Kwa hiyo GPS yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa ukiwa njiani, na pia utafutaji wa maduka au ofisi. Mtu aliyepakua ramani ya Tanzania nzima akiwa nyumbani anaweza kusafiri kutoka Gongo la Mboto hadi Tegeta na simu isiyo na salio hata kidogo. Intaneti husaidia jambo moja tu kwa upande wa mawimbi, nalo ni kuharakisha mwanzo: kifaa kilichozimwa kwa muda mrefu huhitaji takriban nusu dakika ya kuisikia setilaiti bila kukatizwa ili kijue ipo wapi, na simu iliyo hewani huweza kuzipata taarifa hizo mtandaoni kwa sekunde chache. Asiye na bando na awashe kifaa akiwa bado uani kwake, mahali palipo wazi, asingoje hadi aingie ndani ya gari. Mawingu na mvua havizuii mawimbi hayo. Mabati, zege na kuta ndivyo vinavyoyazuia.

Sasa tuje kwenye usahihi. Serikali ya Marekani inaeleza kwamba simu janja iliyo chini ya anga wazi kwa kawaida huonyesha mahali ilipo kwa kosa lisilozidi mita 4.9. Mwenye gari anayetazama skrini hulifidia kosa hilo kwa macho bila hata kujua kwamba amefanya hivyo. Kwetu sisi, mita tano ni tofauti kati ya kusimama kituoni na kusimama barabarani, au kati ya upande huu wa mtaro na upande wa pili. Hapo tunazungumzia anga wazi. Ukiingia Kariakoo, katika mitaa kama Kongo na Mkunguni, mawimbi hugonga kuta za maghorofa kabla ya kukufikia, yakawa yamesafiri umbali mrefu kuliko ule wa moja kwa moja, na kifaa kikakuhesabu kuwa uko mtaa wa jirani. Chini ya madaraja ya juu, kama lile la Kijazi pale Ubungo au la Mfugale pale TAZARA, mawimbi yanaweza kukatika kabisa, na kifaa kikabaki kutaja mahali pa mwisho kilipopajua kana kwamba hujasogea. Ndani ya soko, hospitali au jengo la kituo cha mabasi, usitegemee GPS.

Kosa hilo huzidishwa na tabia moja ya programu nyingi ambazo kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya madereva. Programu hizo hudhani kwamba upo juu ya barabara, hivyo zikipata mahali penye shaka hukuvuta hadi kwenye barabara iliyo karibu na kutangaza jina lake kwa uhakika kamili. Dereva hulifurahia jambo hilo. Mwenda kwa miguu asiyeona hufichwa ukubwa wa kosa, na pengine hutajiwa barabara ambayo hayupo. Programu zinazotufaa ni zile zinazotaja kiwango cha shaka, kwa mfano “usahihi mita 12”, na kabla ya kukiamini chochote ni vyema kukisikiliza kiwango hicho kwanza.

Kuna pia suala la uelekeo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Mawimbi ya setilaiti yanakueleza ulipo, hayakuelezi umegeukia wapi. Kifaa hukisia uelekeo kwa kulinganisha mahali ulipokuwa sekunde chache zilizopita na ulipo sasa, kwa hiyo ukiwa umesimama hakina cha kulinganisha. Simu ina dira ya sumaku inayojaribu kuziba pengo hilo, lakini dira huyumbishwa na magari, nondo na vyuma vilivyo karibu. Msafiri aliyeshuka garini akauliza “Mlango uko upande gani?” akiwa amesimama tuli anaweza kupewa jibu la kinyume kabisa. Dawa yake ni kutembea hatua kumi au kumi na tano, kwa fimbo, mahali palipo salama, kwa mstari ulionyooka, kisha kuuliza tena.

Udhaifu wote huo hauondoi ukweli kwamba tumetoka mbali. Mwaka 1985, nchini Marekani, watafiti Jack Loomis, Reginald Golledge na Roberta Klatzky walianza kazi ya kubuni chombo cha kuwaongoza wasioona kwa setilaiti. Golledge alikuwa mwanajiografia aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1984, na vyombo vyao vya kwanza vilibebwa mgongoni. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyaharibu kwa makusudi mawimbi yaliyotolewa kwa raia, kosa likafikia mita 100 hivi, hadi Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru uharibifu huo usitishwe. Kwa kosa la mita 100, kifaa kingeweza tu kukwambia kwamba uko mahali fulani Magomeni. Kwa mita tano hadi kumi, kinaweza kukwambia kwamba umefika kituo cha Usalama na bado hujafika cha Mapipa.

Hapo ndipo linapoingia suala la ramani. Setilaiti hazijui Usalama wala Mapipa, zinachotoa ni tarakimu za latitudo na longitudo tu. Majina yote hutoka kwenye ramani, na ramani hutengenezwa na watu wanaochagua nini kiingie na nini kiachwe. Dar es Salaam imebahatika katika jambo hili kuliko wengi wanavyofahamu. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa yenyewe kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, wakaingiza majengo, vichochoro na mitaro ya maji katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiongeza. Lengo lilikuwa mafuriko, lakini aliyenufaika nalo ni pamoja na mwenda kwa miguu wa Tandale, ambako kichochoro ndiyo barabara kuu. Kwa mtu asiyeona, ramani inayojua mtaro ulipo ina thamani kubwa kuliko ramani inayojua migahawa yote ya Masaki. Hata hivyo, jambo kuwemo katika ramani hakumaanishi kwamba programu yako italitamka. Kila programu ina orodha yake ya vitu inavyovisoma, na ni wajibu wetu kuwadai watengenezaji wazisome pia taarifa zinazohusu miguu yetu.

Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nayo ilileta majina ya mitaa na namba za nyumba. Nguzo na vibao vyake ni vya kutazamwa kwa macho, hivyo kwetu faida iko katika upande wake wa kidijitali. Hata hivyo, watu wa mji huu hawaelekezani kwa namba. Tunaelekezana kwa vituo na alama: Sinza Kijiweni, Tabata Bima, Buguruni Sheli, Mwananyamala kwa Kopa. Baadhi ya majina hayo yamo katika ramani, mengine hayamo, na mengine yamewekwa mita 80 kutoka mahali ambapo daladala husimama hasa.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya kifaa ninayoithamini kuliko zote ni ile inayokuruhusu kuhifadhi alama zako mwenyewe. Unasimama mahali, unabonyeza, unapataja jina, na tangu hapo kifaa hukutangazia kila unapopakaribia. Alama ya namna hiyo haitegemei ramani ya mtu yeyote. Uhifadhi wake una ufundi. Simama mahali palipo wazi kadiri iwezekanavyo, subiri dakika moja au mbili hadi usahihi utulie, na ukipita siku nyingine kwa kutokea upande wa pili, sikiliza kama tangazo linakuja palepale. Lisipokuja, hifadhi upya. Katika jina, tanguliza neno linalotofautisha. Ukiandika “Kituo cha daladala cha Bamaga cha kwenda Mwenge” utasikia maneno manne yasiyokusaidia kabla ya lile unalolihitaji, na gari litakuwa limekwisha kupita. Andika “Bamaga, kwenda Mwenge.” Hifadhi pia mahali ambapo hapana jina lolote: kona ambayo lami inaishia, sehemu ya mtaro yenye kifuniko, nguzo ya umeme unapopaswa kuacha barabara na kuingia kichochoroni.

Vituo vya pande mbili za barabara vihifadhiwe kila kimoja peke yake, lakini usikitegemee kifaa kukwambia uko upande upi, kwa kuwa upana wa barabara unaweza kulingana na ukubwa wa kosa lake. Hapa sikio na kifaa husaidiana. Katika nchi yetu magari hupita kushoto. Ukitembea huku barabara ikiwa kuliani mwako, magari ya karibu nawe yatakuwa yanakwenda unakokwenda. Kifaa kikikujulisha kwamba unaelekea Mwenge, basi uko upande wa vituo vya kwenda Mwenge. Sikiliza daladala na malori, usisikilize bodaboda, kwa kuwa boda hupita upande wowote.

Ndani ya daladala ndipo kifaa hiki kinapolipa gharama zake zote. Msafiri asiyeona aliyezoea njia huhesabu kona, matuta na harufu, na kwa kawaida hufika. Lakini gari likikuta foleni, dereva huchepuka mitaani, na hesabu yote huvurugika. Konda hutaja vituo upesi, muziki ukiwa juu, au havitaji kabisa pasipo na abiria wa kushuka. Baadhi ya magari hukatisha ruti na kuwashusha abiria kabla ya kituo cha mwisho, na asiyeona hubaki kando ya barabara asiyoijua jina. Mwenye kifaa husikia gari lilipoiacha barabara kuu na linapita mtaa gani, na akishushwa njiani hujua ameshushwa wapi. Abiria wa bajaji au bodaboda naye, na hasa mwanamke anayesafiri peke yake usiku, hujua kama dereva anaelekea alikotumwa. Usalama wa namna hiyo pekee unatosha kuhalalisha gharama.

Kuna hesabu moja inayofaa kufanywa kabla ya safari. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita takriban mita 11 kila sekunde. Programu nyingi hutangaza alama zikiwa umbali wa mita 50 au 100, kiwango kinachomfaa mwenda kwa miguu. Ndani ya gari, mita 100 ni sekunde tisa, hazitoshi hata kumwita konda. Umbali wa tangazo ukiongezwa hadi mita 300 au 400, utapata nusu dakika ya kusema “Konda, Bamaga nashuka” na kujisogeza mlangoni. Bora zaidi ni kuhifadhi alama ya onyo kwenye kituo kinachotangulia: anayekwenda Bamaga kutoka Makumbusho aweke onyo Sayansi. Kaa dirishani ukiweza, kwa sababu bodi la bati hupunguza mawimbi na kioo huyaruhusu. Na katika foleni sikiliza umbali uliobaki, uachane na makadirio ya dakika.

Kwenye mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zao peke yake, mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa basi haliwezi kuchepuka na vituo havihami. Ugumu wake ni kwamba vituo vingi viko katikati ya barabara, hivyo kukifikia kituo ni kuvuka, na kuvuka hakuihusu GPS hata kidogo. Hilo ni la fimbo, masikio na, panapobidi, mtu wa kukuvusha. Kifaa hakioni gari, hakioni shimo, hakioni jiko la mama lishe. Atakayekitumia bila kwanza kupata mafunzo ya kutembea kwa fimbo anajiweka hatarini.

Upande wa sauti, jambo la kwanza ni kuyaacha masikio huru. Vipokea sauti vinavyoziba sikio vinakunyima sauti ya gari. Vipo vinavyokaa mbele ya sikio na kupitisha mtetemo katika mfupa wa shavu, na hivyo ndivyo vinavyofaa. Asiye navyo atumie cha sikio moja, kwa sauti ndogo. Jambo la pili ni lugha. Sauti ya Kiingereza huyaboronga majina kama Mchikichini na Ng'ambo kiasi cha kutotambulika, lakini simu nyingi za Android zinaweza kuwekewa sauti ya Kiswahili, na ni vyema kuijaribu kwanza kwenye majina ya njia yako. Jambo la tatu ni mpangilio wa uelekeo. Baadhi ya vifaa hutaja pande kwa mishale ya saa, ambapo saa tatu ya Kiingereza ni kulia. Kwa kuwa saa zetu hupishana na hizo kwa saa sita, anayetafsiri haraka kichwani atageukia kushoto. Chagua “kulia” na “kushoto”, au Kaskazini na Kusini.

Linabaki swali la kifaa chenyewe. Vipo vilivyotengenezwa mahususi kwa wasioona, kama Victor Reader Trek ya kampuni ya HumanWare, iliyoingia sokoni mwaka 2017 kwa karibu dola 700 za Marekani. Uzuri wake ni vitufe: unakiendesha kikiwa mfukoni, bila kuitoa simu barabarani na kumtamanisha mporaji. Kabla ya kununua, uliza kama ramani ya Tanzania inapatikana kwa kifaa hicho. Simu janja ni ya bei nafuu, nayo inazo programu nyingi, lakini betri yake huisha upesi GPS ikiwa inafanya kazi, hivyo pawabanki si ya anasa. Programu nazo hufa. Soundscape ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2018 na kupendwa na wengi, ilisitishwa mwaka 2023, ingawa msimbo wake uliachiwa huru na wengine wakauendeleza. Chagua programu inayokuruhusu kuzitoa alama zako kama faili na kuzihifadhi kwingine. Faili hilo unaweza pia kumpa asiyeona mwingine anayehamia mtaani kwenu, akaanza na alama ambazo wewe ulizikusanya kwa miezi.

Mita kumi za mwisho hubaki kuwa za mtu. Kifaa kitakufikisha mbele ya jengo, hakitakuonyesha mlango, na kuuliza hakutakwisha. Kinachobadilika ni swali lenyewe. Badala ya kumsimamisha mpita njia na kumuuliza uko wapi, swali ambalo mara nyingi humfanya akushike mkono na kukuburuta, unaweza kusema: “Samahani kaka, hapa ni Shekilango, natafuta mlango wa duka la dawa; uko kulia kwangu au kushoto?” Hilo anaweza kulijibu bila kukugusa. Ukishaufikia mlango, hifadhi alama, na katika jina lake ongeza kile ambacho fimbo au mkono utakikuta: ngazi tatu, geti la bati, kibaraza chenye vigae.